Sufuria Iliyong'aa Mpaka Ndani

Watu wa Makindye, Kampala, walimjua Mwanawetu binti Nasser kwa nyayo zake. Zilikuwa pana na ngumu, na ukizitazama vizuri uliona wekundu wa shaba umeingia kwenye mipasuko ya visigino na kukataa kutoka, hata siku ya Idi alipopaka hina juu yake. Kwa miaka mingi alikuwa akiingia kwa miguu ndani ya masufuria ya watu, mchanga na majivu chini ya nyayo, ameshika ukuta kwa mikono miwili, anazungusha kiuno kushoto kulia mpaka shaba isafike na kuwa tayari kupakwa bati. Watoto wa jirani walikuja kutazama kwa sababu ilifanana na ngoma. Aliwaacha wacheke. Mtu mzima aliyecheka aliambiwa aingie yeye, na hakuna aliyemaliza hata sufuria moja.

Kazi hiyo aliipata kwa mumewe, Tajudin, naye Tajudin aliipata kwa fundi wa Kihindi mjini aliyemwajiri tangu ujana. Mwaka wa sabini na mbili Wahindi walipofukuzwa, yule fundi aliacha duka, mvukuto, na vijiti vya bati vilivyojaa sanduku zima. Si mabati ya kuezekea, bali bati lenyewe, yale madini meupe laini yanayoyeyuka kwa moto mdogo. Tajudin alichukua vifaa hivyo akaendelea na kazi nyumbani. Mwaka uliofuata akafa kwa homa ya siku nne. Wazee wa msikitini walimshauri mjane auze vifaa, kwani kazi ya moto na shaba haijapata kufanywa na mwanamke.

"Sufuria haiulizi nani kaishika," Mwanawetu aliwajibu, akarudi kwenye mvukuto.

Na alikuwa hodari kuliko marehemu, ingawa hilo hakulisema mpaka miaka kadhaa ilipopita. Aliipasha sufuria juu ya makaa, akanyunyiza ile chumvi nyeupe ya mafundi inayofuka moshi wa kuwasha macho, akagusisha kijiti cha bati, kisha akasambaza kwa pamba haraka kabla halijaganda. Ndani ya pumzi kumi shaba nyekundu ilivaa ngozi ya kijivu. Wapishi wa harusi kuanzia Lubaga hadi Kawempe walimletea masufuria yao kila kabla ya Ramadhani. Ukoo wake ulitoka Pwani na misafara ya biashara, tangu enzi za baba wa babu yake, na katika ukoo huo kila mtoto alijua mambo mawili kuhusu sufuria ya shaba: nje isugue utakavyo, ndani ioshe kwa kitambaa na sabuni tu, usiiparuze. Bati likiisha, chakula kinagusa shaba, na shaba inaingia tumboni kwa watu. Mwanawetu hakukumbuka kufundishwa jambo hilo. Kwa hiyo hakukumbuka kumfundisha mtu.

Hapo ndipo alipokosea, naye mwenyewe alikuwa wa kwanza kulisema.

Mwaka wa sabini na sita alikuja kwake mwanamke kijana, mrefu, mwenye haya, amebeba sufuria nzuri ya shaba yenye ukubwa wa kupikia maziwa ya nyumba moja. Alijitaja kuwa Santina, mke wa konstebo Okeny, anakaa laini za polisi, zile safu za vyumba upande wa pili wa barabara. Walikuwa Waacholi, wametoka kaskazini. Sufuria walipewa na serikali. Vyombo vilivyoachwa majumbani mwa Wahindi viligawanywa kambini, na kila chombo kiliandikwa kwenye orodha ya chumba.

"Mama, watu nasema wewe natengeneza," Santina alisema. "Ndani imekuwa na madoadoa. Mimi nataka kuchemsha maziwa ya mtoto."

Mtoto aliitwa Aber, msichana wa miezi mitano, mwenye mashavu ya kushibisha macho. Maziwa ya mama yalikuwa yamekauka baada ya Santina kuugua. Mwanawetu alimbeba mtoto wakati sufuria inapata moto, akamsifu, akamtemea mate kidogo kumkinga na jicho baya, akamrudishia mama mtoto na sufuria iliyopakwa bati vizuri kabisa. Hakusema neno la zaidi. Aliona kazi imekamilika.

Miezi sita ikapita. Mwanawetu alimwona Santina mara mojamoja kwenye foleni ya sukari, kisha hakumwona tena. Ijumaa moja baada ya Sala akasikia kwa muuza mkaa kwamba mtoto wa konstebo Okeny amevimba tumbo, hataki kula, hachezi, analia tangu asubuhi mpaka jioni, na wengine wameanza kunong'ona kuhusu uchawi. Mwanawetu hakupenda minong'ono. Alivaa buibui lake akavuka barabara.

Alimkuta Aber mapajani mwa mama yake. Yale mashavu yalikuwa yamekwisha. Miguu ilikuwa myembamba, tumbo limetuna, na weupe wa macho ulikuwa na rangi ya manjano hafifu. Santina alisema mtoto amemeza dawa za malaria mara tatu bila nafuu. Kwa kuwa mtoto alionekana hana damu, alikuwa akimpa supu ya maini kila alipoyapata sokoni, na maziwa asubuhi na jioni.

"Maziwa unayachemshia nini?"

"Kwa ile sufuria ulitengeneza, Mama! Jioni nachemsha, naacha humo mpaka asubuhi, napasha tena."

Okeny alikuwa nje ya mlango, amevaa fulana na suruali ya kazi, anaandaa vyombo kwa ukaguzi wa Jumamosi. Hiyo ilikuwa desturi ya laini. Kila Jumamosi saa tatu Inspekta alipita na fimbo yake, na kila familia ilipanga vyombo mbele ya mlango kwa mstari, kuanzia kikubwa hadi kidogo. Kisichong'aa kilikuwa aibu ya mwanamume, na aibu ya mwanamume iliandikwa kwenye kitabu. Okeny alikuwa ameshinda mara nne mfululizo. Aliinua sufuria yake akaielekeza kwa Mwanawetu ili jua liingie ndani.

Ndani ilikuwa nyekundu. Ilikuwa nyekundu yote, tangu ukingo hadi kitako, imesuguliwa ikawa kama sarafu mpya.

"Bati langu liko wapi?" Mwanawetu aliuliza.

"Bati gani? Ile rangi ya majivu?" Okeny alicheka kwa fahari. "Ile ilikuwa uchafu, Mama. Mimi napiga na mchanga wiki mbili za kwanza. Halafu dawa ya kung'arisha vifungo vya sare. Sasa angalia!"

Mwanawetu alikaa kwenye kizingiti bila kukaribishwa. Hasira ilimpanda mpaka masikioni, ikatafuta mtu wa kumrukia, ikamkuta Okeny na lile tabasamu lake, halafu ikageuka ikamrudia mwenyewe. Huyu mtu ametoka kwao walikopika kwa vyungu vya udongo, akaingia polisi, akafundishwa kwamba kila chenye rangi ya majivu kisuguliwe mpaka kimuonyeshe uso wake. Amefanya alivyofundishwa. Na yeye, binti Nasser, fundi wa Makindye nzima, alimpa chombo bila kumwambia neno. Aliona aibu, aibu ya kweli, akaimeza kwa sababu mtoto alikuwa akilia.

"Simama," alimwambia konstebo. "Vaa shati. Tunakwenda hospitali sasa hivi, na sufuria inakwenda nasi."

"Sufuria hapana. Iko kwa orodha ya serikali. Ikitoka kwa laini bila ruhusa, mimi ndiyo nafungwa."

"Basi ibebe wewe mwenye magwanda. Nani atamuuliza polisi anapeleka wapi mali ya serikali?"

Hivyo ndivyo watu wa Makindye walivyomwona konstebo Okeny, amevaa sare kamili, sufuria kichwani, anapanda kilima nyuma ya mwanamke wa buibui aliyekuwa akitembea kama jemadari. Miaka ile watu walikuwa wamezoea kutouliza. Walitazama pembeni wakaendelea na yao.

Madaktari wengi walikuwa wamekimbia nchi. Aliyebaki wodi ya watoto siku hiyo alikuwa daktari kijana aliyeitwa Alum, mtu wa Lango, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alizungumza na Santina kwa lugha zao zilizokaribiana, akambonyeza mtoto tumbo taratibu, akatafuta kwa ncha za vidole mahali ini linapoishia. Lilikuwa limeshuka chini sana, na ukingo wake ulikuwa mgumu. Ndipo Mwanawetu alipotua sufuria juu ya meza yake, katikati ya karatasi.

"Daktari, mimi si msomi. Lakini ninajua chakula kikilala ndani ya shaba tupu, watu wanatapika. Niliona harusi moja Kawempe, wali wa ukwaju, wajomba wa bibi harusi wote walianguka. Huyu hatapiki. Anavimba. Niambie kama ni jambo hilohilo au nimekuja kukusumbua."

Daktari Alum aliishika sufuria, akapitisha kidole ndani. Aliuliza maziwa yanalala humo saa ngapi. Akauliza kwa miezi mingapi. Halafu akavuta kiti, akaanza kueleza kwa Kiswahili ili wote watatu wasikie.

Shaba si sumu kwa asili yake, alisema. Kila mtu anaihitaji, kiasi kidogo kuliko chembe za chumvi unazookota kwa ncha ya kidole. Bila shaba mwili hauwezi kutumia madini ya chuma kutengeneza damu, mifupa inakosa nguvu, nywele zinapoteza weusi wake. Tunaipata kwenye maharage, karanga, ufuta, na zaidi ya vyote kwenye maini. Utumbo mdogo unaipokea, damu inaibeba moja kwa moja hadi kwenye ini, na ini ndilo linaloamua. Sehemu linaifunga ndani ya protini na kuirudisha kwenye damu isambazwe inakotakiwa. Ziada linaitupa kwenye nyongo, nyongo inamwagikia utumbo, inatoka na choo.

"Hivyo kwa mtu mzima," alisema. "Mtoto mchanga ni tofauti. Anazaliwa na akiba kubwa ya shaba ndani ya ini, kwa sababu maziwa ya mama yana kidogo sana. Na ile njia ya kuitupa kwenye nyongo bado haijakomaa. Ukimletea nyingine kila siku, ini linapokea tu. Linajaa, linaumia, linaanza kuwa gumu."

"Mlango wa mbele uko wazi," alisema Mwanawetu polepole, "na wa nyuma haujafunguka."

"Ndivyo, Mama."

"Na ile supu ya maini?"

"Mlikuwa mkiongeza shaba juu ya shaba."

Santina aliweka kiganja mdomoni. Okeny alisimama wima kabisa, kama aliyeitwa na mkubwa, akauliza swali moja tu. "Mtoto yangu atakufa?"

Daktari hakumdanganya. Alisema hawezi hata kuthibitisha, maana maabara haina dawa za kupimia shaba, na hata dawa ya kuivuta shaba kutoka mwilini haipatikani Kampala. Ataandika barua Nairobi, lakini barua ni barua. Ini likishakakamaa lote, hakuna kurudi. Hili, kwa jinsi vidole vyake vilivyohisi, halijafika huko. "Toeni sufuria leo. Maziwa yachemshwe kwenye alumini. Msimpe maini. Mpeni uji na mayai. Mleteni kila Jumatatu. Nafikiri tumewahi. Nafikiri."

Mwanawetu aliondoka na hilo neno la mwisho. Alilibeba wiki nzima. Alimpelekea Santina sufuria yake mwenyewe ya alumini, kuukuu, yenye kibonyeo ubavuni, na kila asubuhi alivuka barabara kutazama inavyotumika, akinusa maziwa kama mkaguzi wa forodha. Wiki ya pili mtoto alikuwa vilevile. Wiki ya tatu kilio kilipungua. Wiki ya tano, Jumatano, Aber alinyoosha mkono akanyakua kijiko cha uji kutoka kwa mama yake, akakigonga kwenye alumini, akakigonga tena, akakataa kukitoa. Santina alilia kwa furaha. Mwanawetu alilia pia, kisha akasema ni moshi wa jikoni, ingawa jiko lilikuwa limezimwa. Jumatatu iliyofuata Daktari Alum alibonyeza lile tumbo, akapandisha vidole juu, juu zaidi, akatabasamu.

Ilibaki sufuria, ambayo wiki zote hizo ilitolewa mlangoni kwa ukaguzi tu. Haikuwezekana kuitupa, kwa kuwa iliandikwa. Kuiacha na wekundu wake ndani ya nyumba yenye mtoto, Mwanawetu hakukubali. Sanduku la Tajudin lilikuwa limebakiwa na kijiti kimoja cha bati, na kijiti hicho kilikuwa na mwenyewe: sufuria kubwa ya pilau kwa ajili ya harusi ya binti yake, Naila, mwezi ujao. Bati halikuonekana dukani tangu mwaka juzi. Naila alimwona mama yake akikitoa kwenye kitambaa, akajua, akanuna.

"Wageni wako watakula kwenye sufuria ndogondogo kumi," Mwanawetu alimwambia. "Hawatakufa njaa. Nipulizie mvukuto."

Jioni ile Okeny alikuja kuichukua. Aliitazama ndani, ile kijivu iliyotulia, akakuna shingo. "Mama, Jumamosi ni Inspekta Kamis. Yeye hapana mchezo. Mwezi uliopita aliita konstebo mmoja pembeni kwa sababu ya viatu. Mpaka leo hajarudi, na bibi yake haulizi."

"Unataka niibandue?"

Okeny aliizungusha sufuria mikononi. Akaweka sufuria kichwani. "Hapana," alisema.

Jumamosi Mwanawetu alikwenda kusimama kwenye ua wa miiba wa laini, akijifanya anatafuta kuku. Aliwaona wameweka vyombo kwa mstari, wanaume wamekakamaa, wanawake nyuma yao. Karibu kila mlango ulikuwa na chombo cha shaba, na vyote viling'aa nje na ndani, kwa kuwa askari wengine walikuwa wamemuiga Okeny aliyeshinda mara nne. Jambo hilo hakuwa amelifikiria. Nyumba hizo nazo zilikuwa na watoto.

Inspekta Kamis alipita na fimbo. Alifika mlango wa Okeny, akasimama, akatia ncha ya fimbo ndani ya sufuria.

"Konstebo! Hii nini?"

"Sufuria, Afande!"

"Mimi naona uchafu. Wewe ndiyo ulikuwa namba moja. Sasa unaleta uchafu mbele yangu?"

Kuku wa kutafutwa alisahauliwa. Mwanawetu alishika miiba bila kuisikia. Okeny alipiga saluti, macho mbele, na sauti yake ikafika mpaka uani.

"Afande, hii hapana uchafu! Hii ndiyo maini ya mtoto yangu!"

Santina, nyuma yake, alimsogeza Aber mbele kidogo kwenye mkono wake, na Aber, ambaye hakujua Inspekta ni nani, alikuwa akitafuna kijiko. Inspekta alimtazama mtoto. Akamtazama askari. Aliuliza jambo kwa sauti ya chini, Okeny akajibu, akaeleza kwa muda mrefu, akionyesha tumbo kwa mkono. Halafu Inspekta akageuka, akatazama mstari wote wa shaba nyekundu, mlango baada ya mlango. Aliondoka bila kuandika kitu, na hilo liliwatisha watu kuliko kama angeandika.

Jumatatu mchana Landrova ya polisi ilisimama mbele ya nyumba ya Mwanawetu. Madirisha ya jirani yalifungwa moja baada ya jingine. Kila mtu alijua magari yale yanachukua nani na hawarudi wangapi. Mwanawetu alikuwa na unga mikononi. Alinawa. Alivaa buibui, akamwambia Naila funguo ziko wapi na nani aitwe, akatamka shahada, akafungua mlango mwenyewe kabla hawajagonga.

"Wewe ndiyo fundi?" aliuliza sajini.

"Ndiye mimi."

Sajini alifungua nyuma ya gari. Okeny alikuwa humo, amekaa juu ya masufuria. Yalijaa hadi juu ya viti, mengine yakiwa na majina ya wenyewe kwa chaki. Juu kabisa kulikuwa na moja kubwa kuliko yote, iliyosuguliwa mpaka ukingo ukaliwa, na Okeny alinong'ona kwa midomo tu: ya Inspekta. Chini ya miguu yake palikuwa na kifurushi cha gunia kutoka stoo ya karakana, na Mwanawetu alipokifunua aliona vijiti vya bati, vizito, vyeupe, vingi kuliko alivyowahi kuviona tangu Tajudin afe.

"Afande anataka yake iwe ya kwanza," alisema sajini.

Mwanawetu alivua buibui, akalitundika msumarini. Alikunja mikono ya gauni.

"Afande ana mtoto mchanga?"

"Hapana. Wake wamekuwa wakubwa."

"Basi atangoja," alisema. "Okeny, teremsha zote. Niambie zipi za nyumba zenye watoto wanaonyonya, na unitengee huku."

Zilikuwa tisa. Alimwaga mchanga kwenye ya kwanza, akaingia kwa miguu, akashika ukuta.